Nakala ya Pili ya Mzee Zedekiah

Mtaani kwetu Jericho hakufi mtu mbaya. Miaka kumi na mmoja nimepiga chapa vijitabu vya mazishi katika duka langu hapa sokoni, na sijapata hata siku moja kumchapa mlevi, mgomvi wala baba aliyesahau watoto wake. Wote walikuwa wapole, wacheshi, wapenda watu. Wote waliacha pengo lisilozibika. Ukichanganya kurasa za marehemu wawili hakuna atakayegundua, na nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuzichanganya, na familia zote mbili zikanishukuru.

Kwetu sisi Waislamu maiti huzikwa siku hiyo hiyo, hata mashine haipati nafasi ya kupata moto. Kwa hiyo mimi Halimo huvitazama vijitabu hivi kwa jicho la pembeni, ingawa ndivyo vinavyonilisha. Majirani zangu Wajaluo na Waluhya hawamsafirishi mtu wao kwenda kuzikwa nyumbani bila kijitabu: picha kwenye jalada, maisha ya marehemu kwa Kiingereza, ratiba ya ibada, nyimbo. Bila hicho ni kama mtu ametoroka.

Na kwa miaka mitatu, aliyekuwa akiandika hayo maisha ya marehemu ni Akech, binti wa Mzee Zedekiah wa reli. Mtaa ulimpa kazi hiyo bila kumuuliza. Chuoni alikuwa akisomea shahada moja yenye vichwa viwili, vyombo vya habari pamoja na fasihi ya Kiingereza, na jambo hili liliwahangaisha watu sana. Baba yake alitangaza kanisani kwamba binti atasoma taarifa ya habari kwenye televisheni. Basi kuna wazee walioanza kuangalia habari za saa moja wakimtafuta, na wakanuna asipotokea. Norah, katibu wa akina mama wa kanisa, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli msichana alifeli somo moja akaongezewa la pili ili kufidia. Lakini msiba ukitokea, wote walikubaliana: Kiingereza anacho, mambo ya habari anayo, aitwe.

Alikuwa akiandikia kwangu, kwenye kompyuta ya kona.

"Sasa, Anti Halimo," alizoea kusema akivuta kiti. "Leo nani alikuwa mcheshi?"

Nilimpenda kwa ulimi huo. Msichana mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, anaandika kwa vidole vinne na kucheka peke yake.

Mwaka wa mwisho kicheko kilipungua. Alitakiwa kuandika tasnifu, karatasi ndefu ya kumalizia masomo, na kwa kuwa shahada ilikuwa na vichwa viwili, zilitakiwa saini za idara mbili. Bila zote mbili hakuna joho la kuhitimu. Alipeleka mada ya kwanza kwa Daktari Munyao wa fasihi, akaambiwa hii ni kazi ya habari, peleka kwa wenyewe. Akaipeleka kwa Daktari Kui wa habari, akaambiwa hii ni fasihi tupu. Mada ya pili ikaenda njia hiyo hiyo, na ya tatu. Ikabaki wiki mbili, na Mzee Zedekiah alikuwa ameshawaalika jamaa kutoka Siaya hadi Tassia waje wamwone binti akivaa kofia ya pembe nne.

"Wananirusha kama mpira, Anti," aliniambia. "Kila mmoja anasema mimi ni wa yule mwingine."

Nilimtolea sanduku. Kila ninapochapa kijitabu huwa najiwekea kimoja, si kwa sababu yoyote ya maana, ni tabia tu. Vilikuwa zaidi ya mia mbili. Akakaa sakafuni na kuvisoma siku nzima, na jioni alikuwa na mada: jinsi mitaa yetu ya Eastlands inavyowaandika wafu wake. Daktari Munyao akasema sawa, hadithi zipo, lakini ukweli wa kuzilinganisha nazo uko wapi? Daktari Kui akasema sawa, lakini karatasi iliyo ndani ya sanduku si chombo cha habari mpaka ifike kwa watu.

Wakati huo huo Mzee Zedekiah alikuwa na shida yake. Alikuwa ametoka kumzika rafiki yake wa miaka arobaini, akasikiliza maisha yake yakisomwa, na hakumtambua. Aliporudi alimwita bintiye. "Andika yangu," akamwambia, "nisome nikiwa na macho."

Akech aliandika. Aliandika mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, mpole na mcheshi, na hiyo akampa mzee. Alisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, na Akech akadhani amefurahi. Ya pili ilikuwa ya kweli, na ndiyo aliyotaka kuipeleka chuoni kwa Daktari Munyao.

"Na baba yako umemwambia?" nilimuuliza.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishavaa joho."

Nilielewa. Mzee akiiona angeweza kuikataza, na akikataza, hakuna tasnifu. Mzee Zedekiah si mtu wa kukatazwa kukataza.

Siku ile Akech aliniachia ile ya pili nimchapie vizuri kama kijitabu kamili, kisha akakimbilia chuoni kuonana na walimu wake wote wawili. Jalada lilikuwa na picha ya mzee na koti la reli, jina lake, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na mbele ya kistari nafasi tupu. Nilichapa nakala moja ya kujaribia. Nikaisoma yote, nikafuta macho, nikaiacha juu ya meza nikaenda kuswali adhuhuri chumba cha nyuma. Kuna watu mpaka leo husema niliiacha makusudi. Siwezi kuapa.

Norah aliingia kutoa nakala ya kitambulisho. Aliona picha, aliona kistari, kistari kikamtosha. Nilipotoka na mkeka wangu, kijitabu hakikuwepo, na simu yangu ilikuwa inatetemeka. Jalada la Mzee Zedekiah lilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, chini yake watu arobaini wameandika pole.

Nilikimbia mpaka kwake. Nyumba ilikuwa imefungwa. Mzee alikuwa mtaa wa Ziwani, akicheza drafti na wastaafu wenzake wa reli, na simu yake ameiacha ndani kwenye chaji. Kila mtu aliyempigia aliisikia ikilia nyuma ya mlango bila kupokelewa, na huo ukawa uthibitisho. Akech naye simu ameizima mbele ya walimu. Wakasema maskini, yuko mochari.

Nilijaribu kuwaambia. Nilisema mzee ni mzima, kile kijitabu ni cha masomo.

Frankline, karani wa kanjo, yaani halmashauri ya jiji, na mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi tangu nihamie hapa, alinishika bega kwa huruma. "Mama Halimo, mshtuko huo. Keti kwanza. Na si wewe mwenyewe umekichapa?"

Miaka kumi na mmoja, duka langu halijawahi kumchapa mtu aliye hai.

Kufikia saa kumi kulikuwa na hema mbili, viti vya kanisa, kwaya, birika kubwa la chai, na kamati yenye mweka hazina. Mambo mengine ya mtaa huu huchukua miaka. Bomba la maji mbele ya duka langu lilipasuka mwaka juzi na bado tunaliruka.

Ndipo Mzee Zedekiah akatokea, fimbo mkononi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Akaona hema mlangoni kwake. Akasimama nyuma ya kiti cha mwisho na kumuuliza kijana aliyekuwa akigawa vikombe, "Nani huyu?"

"Ni Zedekiah wa reli," akajibiwa bila kutazamwa. "Keti, mzee, chai inakuja."

Akaketi. Nilimwona kutoka upande wa pili, nikafungua mdomo, naye akaweka kidole kwenye midomo yake. Namjua mzee huyo tangu nifike Jericho, na sijawahi kumwona akifurahia kitu kiasi kile.

Frankline akasimama na kijitabu alichopewa na Norah. Alikuwa hajakisoma, kwa nini akisome? Vyote ni kimoja. Akaanza kukitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti yake ya kamati.

"Mzee Zedekiah hakuwahi kuendesha treni, ingawa alisema hivyo. Alikuwa karani wa mizigo iliyopotea." Frankline akakohoa, akageuza ukurasa, akaona hakuna pa kutokea. "Hakuwa mcheshi. Mwandishi anakumbuka akicheka mara mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa bahati mbaya. Kwenye drafti alisogeza kete mwenzake akiangalia kando. Watoto wakianza kucheza, alizima redio. Watoto wake wote walimwogopa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kile kicheko cha kujizuia kinachotokea puani. Frankline alikuwa anatokwa jasho, lakini ni mtu wa utaratibu, na kilichoanza kusomwa husomwa.

"Mkewe alikuwa akipika chai ya tangawizi nyingi mno, na kila asubuhi mzee alimlalamikia kwamba inamchoma koo. Mkewe alipofariki, alianza kuipika mwenyewe, kali vilevile. Ni miaka sita sasa. Haipendi. Mtu akisema imezidi tangawizi, anaambiwa atoke jikoni."

Hapo hakuna aliyecheka. Norah alijifunika uso kwa leso. "Ndiye," alisema. "Huyo ndiye Zedekiah. Nimekunywa hiyo chai." Na mimi, ambaye nilijua kabisa mtu huyu hajafa na yuko kiti cha mwisho na kikombe, nililia kama wengine.

"Ni miaka saba," mzee akasema.

Watu waligeuka. Kiti kimoja kilianguka na mwenye kiti akaenda nacho. Kwaya ikarudi nyuma nzima nzima kama imefunzwa. Frankline peke yake alimtazama juu ya miwani na kumwambia asubiri, bado ukurasa mmoja.

Akech alifika wakati huo, akihema, simu mkononi na ujumbe wa pole usiohesabika. Alimwona baba yake amesimama, akaona kijitabu. Nilimhurumia, kwa sababu nilijua anachokiona: joho likiondoka. Mzee alitembea hadi mbele, akakichukua kijitabu mkononi mwa Frankline.

"Hiki umekiandika wewe?"

"Ni mimi, Baba. Ni cha pili. Cha kwanza ni kile nilichokupa."

"Cha kwanza nilikisoma," mzee akasema. "Sikumjua huyo mtu."

Akafungua ukurasa wa mwisho, ule ambao Frankline hakuufikia, akausoma amesimama, watu wote wakingoja. Kisha akampa Akech. "Kipeleke huko chuoni. Lakini urekebishe miaka. Na drafti sikusogeza kete. Kete ilisogea."

Chai ilinywewa yote, si ya kuiacha. Hema zilibaki mpaka kesho yake kwa sababu zilikuwa zimeshalipiwa.

Daktari Munyao alipata ukweli wake wa kulinganisha. Daktari Kui naye alipata kurasa kumi za nyongeza, jinsi karatasi moja ilivyotoka mezani kwangu saa saba na kuwa matanga saa kumi. Mimi nimo humo. Nimeitwa "kituo cha usambazaji", na nimejifunza kuitika. Wote wawili walitia saini, na nasikia sasa wanagombana, kila mmoja akidai Akech alikuwa wake.

Alivaa joho mwezi uliofuata. Siku mbili baadaye mzee alikuja dukani na kile kijitabu, alichorudishiwa na Akech, kimekunjika pembe kwa kusomwa.

"Kiweke kwenye sanduku lako," akasema. "Siku ikifika uchape hiki. Si kile cha mcheshi."

Nikakifungua. Pale kwenye chai, sita ilikuwa imekatwa, ikaandikwa saba. Pale kwenye drafti alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Na chini ya ile sentensi kwamba watoto wake wote walimwogopa alikuwa amepiga mstari, na kando yake, kwa mwandiko uleule wa karani wa mizigo iliyopotea, ameandika: isipokuwa mmoja.

Alisubiri nimalize kusoma. Kisha akaniuliza kama mashine yangu inaweza kuchapa na maneno ya pembeni.

Nikamwambia inaweza.