Mipira Miwili kwenye Jino Moja

Mafundi cherehani wenzake walimwita Kiganja, kwa sababu hakuwahi kucheka bila kuziba mdomo. Hata kichekesho kingekuwa kikali vipi, mkono ulifika kwanza, kicheko baadaye. Saratani ya damu ilimpata akiwa mdogo, akapona. Nywele zilirudi, mwili ukarudi, ila meno yaliota yakisukumana kama watu wanaogombea mlango.

Alipompata daktari wa kunyoosha meno, alitaka waya siku hiyo hiyo. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka na mtu, akamwonyesha eksirei.

"Tazama mizizi, mwanangu. Dawa za saratani ziliyakuta meno bado yanajijenga, ndiyo maana imebaki mifupi. Nitavuta kidogo kidogo. Tukitumia nguvu, jino litalegea mpaka ling'oke."

Kiganja alisikia vizuri, ila hakuamini. Alifungwa waya, akapewa na vimpira vya kuvuta jino la mbele, awe anabadilisha mwenyewe kila siku. Kimpira hakikuuma hata chembe, na hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia. Huyu ni mtu aliyekulia wodini. Kule, dawa iliyomtapisha ndiyo iliyomponya, na siku alipoamka hana maumivu mama yake aliwauliza manesi kama wamesahau kitu. Tiba isiyouma kwake ilikuwa danganya toto tu. Basi akavalisha kimpira cha pili juu ya cha kwanza. Jino likauma, naye, masikini, akafurahi.

Asubuhi moja aliuma mkate, jino likacheza. Aliiacha nguo ya watu kwenye cherehani, mkono mmoja haujashonwa, akakimbilia kliniki roho mkononi.

Daktari aligusa jino kwa ncha ya kidole, akaona vimpira viwili.

"Nani kakwambia uongeze?"

"Hakuna, daktari. Nilidhani hakifanyi kazi. Kilikuwa hakiumi."

Daktari akavuta kiti, akakaa. "Wewe umeumia vya kutosha. Hapa kwangu ukiona maumivu makali, ujue tumekosea."

Kiganja akaangua kilio. Jino lenyewe alishalisahau. Alimlilia yule mtoto wa wodini aliyekuwa yeye, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia maneno kama hayo.

Vimpira vikatolewa, jino likaachwa lipumzike miezi kadhaa. Likashika, bahati yake. Lakini daktari alikataa katakata kulivuta tena. Alilifunga kwa nyuma kwa waya mwembamba, libaki limeinama vile vile maisha yake yote. Kiganja alinuna njia nzima mpaka nyumbani.

Mama yake alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akamchungulia mdomoni.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Haliumi kabisa? Una hakika wamekufanyia kitu?"

Kiganja alicheka mpaka machozi yakamtoka, jino lililoinama likionekana lote, mikono bado imo mikononi mwa mama yake.

"Mama," akasema, "kuumia tumeshamaliza."