Siku Wifi Alipoifunika Geji

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hakuzaliwa akipenda magari. Alizaliwa akipenda usingizi, na alipoolewa kwetu mama yangu alilalamika mwaka mzima kwamba tumeletewa gogo. Kazi yake ni kushona mapazia. Anashonea sebuleni, kitambaa kimetandazwa toka mlangoni hadi chini ya meza ya chakula, na ukikikanyaga na viatu vyako utajua hujui. Mimi ni msusi, naishi nyumba hiyohiyo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Gari lilikuja baadaye. Kaka anaendesha katapila kwenye barabara zinazojengwa huko mbali. Anarudi mwisho wa mwezi, akipata ruhusa. Safari moja alirudi na gari lililokwisha kuchokeshwa na watu wengine, refu upande wa nyuma, rangi ya chai iliyopoa. Akaliacha uani, ufunguo akauweka mezani, akasema, "Mtumie." Basi, kama mtu aliyetuachia ndoo.

Haikuchukua muda tairi likapasuka, Wifi yuko peke yake na mwanawe mchanga kiti cha nyuma na mapazia ya watu ndani ya buti. Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki ilikuwepo. Ila hakujua jeki inawekwa wapi, akaiweka mahali pabaya ikatoboa bati la chini. Akakaa kando ya barabara analia, mtoto naye analia, mpaka akasimama dereva wa lori la maziwa. Yule baba hakumbadilishia tairi. Alisimama mikono mfukoni akawa anamwelekeza tu: legeza nati kwanza tairi likiwa chini, weka jiwe nyuma ya gurudumu, haya, sasa nyanyua. Wifi alirudi nyumbani na mikono myeusi na uso wa mtu aliyetukanwa. Hakumshukuru yule dereva hata kidogo, mpaka kesho yake, tena moyoni.

Tangu hapo usingizi ulimtoka. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa bado baridi, boneti inafunguliwa. Anatazama maji ya rejeta, oili, maji ya breki. Anabonyeza mipira ya maji kwa vidole, anauvuta mkanda wa feni, anapima upepo wa matairi, la akiba nalo halisahauliki. Halafu ananikamata mimi nikanyage breki yeye atazame taa za nyuma.

"Kanyaga! Achia! Indiketa ya kushoto! Wifi, hiyo ni kulia!"

"Kama unajua kushoto kuliko mimi, njoo ukanyage mwenyewe!"

Watoto wa mtaani wakamwita Mama Geji, kwa sababu akiendesha macho yake hayatulii: barabara, kioo, geji ya joto, barabara tena. Mama yangu hakupendezwa. Kiti chake kilikuwa barazani, na kutoka pale alitoa hotuba. "Gari linajuliwa hali kila Jumamosi. Mimi mama mkwe, aliniuliza hali lini?"

Wifi alijibu kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Mama, wewe ukiumwa unasema. Hili halisemi."

Sasa hapo ndipo alipokosea, maana mama hakuwa anasema. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilipoanza kuuma alinyamaza, akasema ni vumbi, akasema ni uzee, na tulipomfikisha kwa daktari lilikuwa limekwisha kufa. Likabaki la kulia, nalo lina ukungu. Kwa miaka alitutambua kwa sauti na kwa nyayo, akajifanya anaona. Alikuwa akikusifia nguo, nawe umevaa kanga ya kudekia.

Kisha asubuhi moja aliamka ameshika kichwa, jicho lile la kulia jekundu, anatapika. Safari hii alisema. Tukambeba kwa gari hadi zahanati ya jirani. Mganga akalimulika jicho kwa tochi, akakunja uso. Mtoto wa jicho amevimba, akasema, presha imepanda ndani, na dawa zitaituliza kwa saa chache tu. Daktari wa upasuaji wa macho yupo hospitali kubwa leo, mchana anaondoka kurudi kwao. Akampigia simu. Atawasubiri mpaka mchana, akasema, lakini mkikosa leo, jicho hili litamfuata mwenzake.

Mama alisikia. Alinyoosha mkono hewani kutafuta wa kumshika, ukaangukia bega la Wifi, ukabaki hapo.

Tukaondoka. Mama nyuma, kichwa mapajani mwangu, beseni miguuni. Wifi aliendesha kwa haraka lakini bila papara, nami nilikuwa naona kila kitu kinakwenda vizuri. Nyumba za mwisho zilikuwa zimeisha, pande zote mashamba matupu, ndipo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Linapanda."

"Nini kinapanda?"

"Joto."

Sikuona moshi wala kusikia harufu. Yeye alikuwa ameshawasha taa za tahadhari na kutafuta mahali pa kutoka barabarani. Akasimama mbali na lami, akavuta breki ya mkono, akazima. Akatutoa sote upande wa majani, nami nikapendekeza mama akae kwenye mkeka, kwenye kivuli cha boneti ikiinuliwa. "Kaeni kule mbali," aliniambia, "likirusha maji halichagui mtu." Akaenda kuweka pembetatu nyekundu huko nyuma tulikotoka, hatua ndefu ndefu, bila kukimbia.

Aliporudi, watu walikuwa wameshajaa. Sijui hutoka wapi. Barabara tupu, gari likizima tu, mafundi wanaota. Mmoja alisema ni plagi. Mwingine alisema ni jini la barabara. Wa tatu, kijana wa pikipiki, alikuwa ameshazungushia shati lake mkononi afungue kifuniko cha rejeta. Wifi alimpiga kofi la mkono mpaka akaruka.

"Utababuka uso wewe! Mama yako atakutambua kwa kitu gani?"

"Nasaidia, dada."

"Saidia kwa kukaa."

Akakaa, haki ya Mungu. Wifi akainama, akachungulia chini ya injini kwa muda. Mipira ilikuwa mizima. Mkanda ulikuwa mzima. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka katikati ya pampu ya maji, pale ambapo huwezi kufunga kamba wala kubandika gundi. Akajifuta mikono. "Pampu imekufa," alisema. "Hata nikijaza maji, hayatazunguka. Na yatavuja yote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo likae hapa livutwe. Likivutwa leo, pampu mpya, kesho liko barabarani. Likiendeshwa hivi, injini inakwisha."

Tulijaribu njia nyingine, asije mtu akasema hatukujaribu. Tulisimamisha magari. La kwanza lilijaa hadi mlangoni. La pili lilituona likaongeza mwendo. Nililiombea pancha, sitaficha. Kijana wa pikipiki akajitolea. Tulimpandisha mama, mimi nikae nyuma yake nimshike. Pikipiki haijaondoka akatapika, akalegea upande, na kama Wifi asingemdaka tungeokota mifupa. Tukamrudisha chini. Alikuwa analia kwa sauti ndogo, mama yangu, ambaye hata mazikoni hulia kwa kufoka.

"Niacheni," akasema. "Limekwisha hilo. Nitazoea."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kukubali, nikalikasirikia gari, nikamkasirikia kaka na katapila lake huko aliko. Wifi hakukasirika. Alikuwa amelitazama jua, kisha gari, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. Lile gari ndilo lililobeba mapazia yake, ndilo lililompeleka mwanawe shule. Kitu kingine cha thamani katika nyumba yetu hakikuwepo.

"Mpandishe," aliniambia.

Injini ilipopoa kidogo alifungua kifuniko mwenyewe kwa kitambaa kinene, robo, kwanza pumzi itoke, kisha kote. Wale mafundi wa barabarani walikuwa wameleta maji kwa madumu, akayamimina yote, akawaambia asanteni. Akawasha hita ya ndani mpaka mwisho, madirisha yote chini. "Itavuta joto kidogo," alisema, "tutaiva sisi badala yake." Kisha akafungua kilemba chake, akakikunja, akakitundika kwenye dashibodi juu ya geji.

"Wifi, sasa utaonaje?"

"Ninachokwenda kuona nakijua. Nikikiona nitasimama."

Akaondoka.

Siijui lugha ya injini, lakini ile ilieleweka. Mwanzo ilinguruma kawaida. Kisha ikaja harufu tamu, kisha harufu ya chuma kilichosahaulika jikoni. Kisha ikaanza kugonga, polepole, halafu kwa fujo. Kila ilipogonga Wifi alikaza midomo. Mguu wake haukutoka kwenye mafuta. Mama aliuliza, "Hiyo ni nini?" Wifi akasema, "Barabara mbaya, mama." Lami ilikuwa imenyooka mno.

Ndani mlikuwa na joto la kukausha nguo. Nilimpepea mama kwa sinia la sindano za Wifi. Tulipoanza kuona paa la hospitali, nguvu zilikuwa zimeisha, tunapitwa na baiskeli. Tukafika kileleni pa kilima, mteremko unaanza, na hapo hapo gari likapiga kishindo kimoja, likanyamaza. Injini ilikuwa imekaza, haizunguki tena.

Wifi akakanyaga klachi, akaweka gia huru. Ufunguo hakuutoa, usukani usije ukajifunga. Breki zikawa ngumu, usukani mzito, akaushika kwa mikono miwili, kifua karibu kiguse honi. Tuliteremka bila sauti, upepo tu. Mlinzi wa geti alinyoosha mkono kutuuliza tunakwenda idara gani.

"Macho!" nilimpigia kelele. "Na wewe toka!"

Alitoka. Tuliingia, Wifi akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, gari likasimama mbele ya ngazi. Daktari alikuwa mlangoni na begi lake begani. Alimtazama mama, akavua begi.

Sitaeleza upasuaji, sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi. Wifi alikwenda nje, nikamwona kupitia dirisha: amefungua boneti, amesimama tu, hagusi kitu. Baadaye aliifunga taratibu, kwa viganja vyote viwili, akarudi akakaa karibu nami. Mimi, ambaye watu hunilipa niwasuke na kuwasengenyea majirani zao, nilibaki nasuka ncha za kanga yangu.

Kesho yake muuguzi akaja kufungua bandeji. Mama alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya shuka. Muda huohuo simu ya Wifi ikalia, kaka ndiyo kwanza amepata mtandao. Ujumbe niliomtumia jana aliusoma nusu, si unawajua wanaume. Akaanza na gari. Tuliisikia sauti yake chumba kizima: gari limefanyaje?

"Nimeliua," alisema Wifi.

Kaka akauliza, sauti imeshuka, "Na mama?"

Wifi aliishusha simu, kwa sababu bandeji ilikuwa inatoka. Mama alipepesa. Aliangalia dirisha, akamwangalia muuguzi, akaniangalia mimi kidogo tu, kama mtu anayehakikisha bidhaa aliyokwisha kuijua. Halafu akamgeukia Wifi, ambaye alikuwa kichwa wazi tangu jana. Akamwangalia kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, safari hii bila kupapasa, akaichukua simu.

"Mwanangu," akamwambia kaka, "mkeo ameota mvi. Kichwa kizima. Ameota mvi ndani ya nyumba yangu na hakuna aliyeniambia."

Wifi alianza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka, akaenda kusimama dirishani akatugeuzia mgongo. Mama alikata simu, kaka bado anasema haloo, haloo. Akaniambia nimsaidie kushuka kitandani. Akaenda mwenyewe mpaka dirishani, akasimama naye.