Mzee Aliyeanguka Akiitwa Baba

Msimu ule ngazi zetu zilinuka piko. Tulikaa ghorofa ya nne katika jengo kuukuu la Xiaobei, nyuma ya jumba la maofisi la Tianxiu Dasha, na ilikuwa ile miezi ya unyevu ambayo Guangzhou nzima hutoka jasho: kuta zinachuruzika, sakafu zinateleza, na kanga ukizianika zinanuka uvundo kabla hazijakauka. Katika unyevu ule harufu haiendi popote. Kwa hiyo kila Mzee Fung wa ghorofa ya tatu alipopaka nywele zake piko, jengo zima lilijua, na mama yangu, asiyeweza kuliacha jambo lipite bila neno, alisema, "Leo bwana harusi wetu anajipamba." Mama alinunua nguo za jumla soko la Shahe na kuzisafirisha Unguja, ambako baba yangu aliziuza dukani. Baba huyo mimi nilimjua zaidi kwa sauti ya simu.

Biashara ilimchosha mama, lakini adabu hakuiachia hata siku moja. Hakuna mtu mzima wa kupitwa bila shikamoo, awe Mchina, awe Mkongo, awe nani. Mwenye mvi ni babu, mwenye nywele nyeusi ni baba, basi. Nilikuwa na miaka minane, na alasiri moja nikamkuta Mzee Fung ngazini na mfuko wa mboga, nywele nyeusi tii. Nikainamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, baba." Shikamoo hakuielewa. Neno "baba" alilielewa sana, maana kwa Kichina nako baba ni baba, neno lile lile, ila kwao humwiti hivyo mtu asiyekuzaa. Mfuko ukamponyoka. Akashika kifua, akayumba, akaegemea ukuta na kuteleza taratibu mpaka chini, macho kayafumba. Nilipiga ukelele wa kuamsha mtaa. Mama akatoka mbio na mwiko mkononi. "We mtoto! Umemfanya nini mzee wa watu?" Hapo Mzee Fung akafungua jicho moja.

Kumbe alikuwa mchekeshaji, na si mchekeshaji wa kubabaisha. Majirani walitusimulia kwamba ujanani alizunguka na kundi la michezo ya jukwaani, pua kaipaka rangi nyeupe, kisha televisheni ikamchukua. Huko kwa miaka mingi aliigiza baba mmoja fukara mwenye watoto wengi. Kila mtoto akimlilia "Baba!" kwa shida mpya, ada au viatu, yeye huanguka kabla hajaambiwa shida yenyewe. Mji mzima ulimpenda kwa kuanguka huko. Akienda sokoni wauza samaki walimpigia kelele, "Baba!" naye aliwaangukia palepale kwenye maji ya samaki, nguo safi na yote. Mimi sasa nikapata mchezo wangu. Kila siku nilimvizia ngazini, shikamoo baba, naye huniangukia kwa namna mpya. Mama alimfundisha kujibu marahaba, na akawa anajibu akiwa chini.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Alipanda ngazi kwa kupumzika, midomo imebadilika rangi, na daktari akampa amri moja iliyochekesha jengo zima: asianguke tena. Mama hakucheka. Alinikalisha kitandani akaniambia, "Ukimwita ataanguka, namjua yule, hawezi kujizuia. Utamuua. Neno hilo sitaki kulisikia tena kinywani mwako." Nikawa nampita nimeuma ulimi. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyenyimwa chai nyumbani kwake.

Alipoambiwa lazima apasuliwe, mwanawe akaja kumchukua. Alikuwa mwanamume mkavu, fundi wa lifti, shati limefungwa mpaka kooni. Siku ya kuondoka alikaa jikoni kwetu wakati baba yake akivaa kule chini, na mama, kwa kutafuta la kumwambia, akamwomba radhi kwamba mtoto wake alizoea kumwita mzee baba. Mimi ndiye niliyekuwa nafasiri, maana Kichina cha mama kilikuwa cha bei tu. Yule bwana akazungusha kikombe mezani kwa muda. Kisha akasema kwamba mji wote ulimwita baba yake hivyo, ila yeye. Shuleni wenzake walimfuata wakipiga kelele "Baba!" na kujitupa chini. Siku moja alianguka kutoka juu ya ukuta wa shule akavunjika mkono. Baba yake akaja getini, naye akamwita akilia, "Baba!" Watu walikuwa wamejaa pale. Baba yake akaanguka. "Wakacheka wote," alisema. "Tangu hapo sijamwita hivyo tena." Nilifasiri neno kwa neno, na mama akafunika uso kwa ushungi.

Tuliposikia mlango wa chini ukifunguka tukatoka ngazini, na Mzee Fung akatokea ameshika ukuta. Hakupaka piko, kichwa chote kilikuwa cheupe, nikaona kwa mara ya kwanza kuwa ni mzee kweli. Alikataa kubebwa. Alisimama ngazini, chini kidogo ya mlango wetu, akanitazama, akingoja. Nilitaka sana kumwita. Nikasema, "Shikamoo," na lililobaki nikalimeza. Nikasikia mwanawe nyuma yangu akivuta pumzi, halafu akasema maneno yote mawili kwa lafudhi ya kuchekesha, kama mtu anayetafuna kitu cha moto: "Shikamoo, baba."

"Yarabi," mama akasema, akanishika bega. Magoti ya mzee yalilegea, niliyaona. Mkono wake ukaenda kifuani kwa mazoea. Kisha akaukamata ukingo wa ngazi, akayanyoosha magoti, akasimama wima kuliko nilivyowahi kumwona. "Marahaba," akasema. Wakashuka polepole, mwana mbele, mzee kamshika bega. Hakurudi.

Siku hizi Xiaobei imepungua watu wetu, na ofisi nyingi za Tianxiu nilizozijua zimebadilisha wenyewe. Mama yuko Unguja, amechoka na safari. Mimi nimebaki nasafirisha mizigo, na nimerudi kupanga katika jengo lile lile. Vijana wanatumiana vipande vya video vya Mzee Fung kwenye simu, wanaandika chini yake "Baba! Baba!" wanacheka. Mimi sicheki sana. Mwaka huu unyevu ulipoingia, nikasikia ngazi zinanuka piko, nikasimama. Alikuwa mwana wa Mzee Fung, amekuja kukaa nyumba ya baba yake baada ya kustaafu. Alikuwa anapanda na mfuko wa mboga, shati limefungwa mpaka kooni, nywele nyeusi tii. Nikainamisha kichwa. "Shikamoo, baba." Akanitazama kitambo. Akauweka mfuko chini kwa uangalifu, mboga zisimwagike. Akashika kifua, akayumba, akaegemea ukuta ule wenye jasho na kuteleza taratibu mpaka chini. Nami, mwanamke mzima na funguo za ofisi mkononi, nikasimama nikingoja afungue jicho moja.