Neno Nililomgeuzia Magokoro

Harufu ya rangi nyeusi ya viatu hunisimamisha hadi leo. Nikitoka kazini mjini Kisii jioni, kabla sijaanza kupanda kilima cha Nyanchwa, hupita kwa mzee mmoja anayeng'arisha viatu vya watu wa ofisi. Huwa napunguza mwendo, naye hunitazama miguuni akidhani nimemletea kazi. Nimevaa ndara! Tunacheka, naenda zangu.

Aliyeileta harufu hiyo nyumbani kwetu ni baba mdogo Ombati. Alikuwa kitindamimba wa magokoro, yaani bibi yangu mzaa baba, na alikuwa askari jeshi. Akija likizo aliketi kigodani nje ya jiko, akatemea buti mate, akasugua mpaka ukaweza kuhesabu meno yako humo. Kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa. Aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbovu kabisa, na magokoro alimwambia kutoka jikoni kwamba malaika wameziba masikio.

Tuliishi upande wa Nyamira, katikati ya majani chai, mahali ambapo mvua ya alasiri haikosi ahadi. Mama yangu alikuwa amefariki. Baba aliuza vifaa vya ujenzi dukani Kisii, akawa anakuja Ijumaa kabla jua halijazama na Sabato haijaingia. Wiki nzima tulikuwa wawili tu, mimi na magokoro, na ng'ombe mmoja mwenye kiburi.

Nilikuwa darasa la tano Ombati alipopelekwa vitani Somalia. Alipiga simu kila Jumapili, na magokoro alipiga kelele kwenye simu kana kwamba sauti yake ingefika huko kwa miguu. Halafu asubuhi moja redio ikasema kambi imeshambuliwa. Jumapili ile simu haikulia.

Siku zilizofuata wenzake wengine waliletwa makwao wakazikwa, wengine wakalazwa hospitalini. Jina la Ombati halikuwa huku wala kule. Barua iliyokuja ilisema hajulikani alipo. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kusimama kwa ng'ombe.

Baadaye baba akatupeleka mahali walipokuwa wakipima jamaa za waliopotea. Kijana mmoja mpole alivaa glavu, akaniambia kwa Kiswahili nimweleze bibi kwamba anataka kupangusa mate yake kwa pamba, ili waweze kumtambua mwanawe wakipata chochote. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani, maana magokoro hakuzungumza Kiswahili. Alikiita lugha ya barabarani, akaniachia mimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa insha. Basi nikaanza kumtafsiria kwa Ekegusii, lugha yetu, na sijafika katikati akawa ameshafungua kinywa. Nikajisifu moyoni kwamba natafsiri haraka.

Alipomaliza kupanguswa akasema, "Mwambie nilimzaa mwenyewe, wakati wa kupalilia wimbi. Sihitaji pamba kunithibitishia." Kijana alicheka, baba akacheka, nami nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tukicheka pamoja kwa ajili ya Ombati. Majibu waliyotupa baadaye yalikuwa kwamba hakuna kilicholingana.

Jumatano moja, nikiwa nyumbani kwa likizo ya shule, mwanamume alikuja akichechemea kati ya majani chai. Alibeba mkate na sukari. "Bwakire," alisema, akiitamka ile salamu yetu ya asubuhi vibaya sana, ingawa ilikuwa alasiri. "Ombati alinifundisha." Jina lake lilikuwa Mwakio, mtu wa Taita, na walilala hema moja.

Magokoro alimkalisha sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Akampikia chai, akamletea ndizi za kuchemsha. Hakumwuliza neno mpaka amemaliza kula. Kisha akanivuta karibu yake, akanishika mkono, akasema kwa Ekegusii, "Mwambie sasa aseme."

Kiswahili cha Mwakio kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wangu, laini na kilichonyooka, na naona haya kusema kwamba mwanzoni nilikifurahia.

"Walitujia alfajiri," alisema. "Mimi na yeye tulifika kwenye handaki salama. Mwenzetu mmoja akabaki nje, ameumia, analia. Ombati akatoka kumchukua."

Nikamtafsiria.

"Nilimwona akipigwa risasi. Akaanguka. Nikamwita, hakuitika. Kisha likaja gari lenye mabomu, likalipuka pale pale alipokuwa amelala." Mwakio alitazama kikombe chake. "Hapakubaki kitu, binti yangu. Ndiyo maana hawajapata chochote. Nimekuja kwa sababu nilijua mama yake anatazama njia. Mwambie bibi asimsubiri tena."

Nilifungua mdomo. Maneno yote ya Ekegusii niliyoyahitaji nilikuwa nayo, hata mtoto mdogo anayajua. Nilimtazama magokoro, nikaona macho yake yameganda kwenye midomo yangu.

"Anasema alirudi kumwokoa mwenzake," nilisema. "Baada ya hapo hakumwona tena."

"Na hilo la mwisho? Amesema nini?"

"Anasema umsubiri."

Nje ng'ombe alikuwa akigonga debe lake tupu. Magokoro akasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie asante kwa kutembea na mguu ule."

Mwakio aliondoka akiwa ameinama, amebebeshwa mkungu wa ndizi, akiamini amefikisha ujumbe. Baba alipokuja Ijumaa, magokoro alimweleza yaleyale niliyomwambia. Baba aliponigeukia, nikatikisa kichwa kukubali.

Basi tukaanza kusubiri. Ombati alikuwa na esaiga yake, kile kijumba anachojengewa kijana wa Kigusii akikua. Kila Alhamisi tulikisiriba sakafu kwa samadi, tukatandika kitanda. "Atakuta pasafi," magokoro alisema. "Atakuta pasafi," nami nikaitikia. Shangazi zangu walipokuja na ushauri kwamba afanyiwe ibada, na wazee wakataja shina la mgomba, ambalo watu wa zamani walilizika mahali pa mtu asiyeonekana, aliwafukuza kwa mwiko. Nilijua ni mimi niliyeushikisha mkono wake mwiko ule. Nilikuwa nikienda shule na jambo hilo, narudi nalo. Nikawa mtoto mwenye heshima kupita kiasi, hata majirani wakanisifu.

Miaka minane ilipita namna hiyo. Nilimaliza sekondari. Sabato moja alasiri, tumetoka kanisani, tumekaa ukumbini yeye akichambua mboga ya chinsaga, nikaona vidole vyake vimezeeka. Nikapiga magoti. Nikamwambia nilimdanganya, kwamba Mwakio alimwona Ombati akifa.

Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, na sikuwahi kumsikia akiisema lugha ile maishani mwangu, "Alisema nisimsubiri tena. Nilisikia."

Kiswahili. Cha mashambani, kisafi, kisicho na haraka.

Akarudi kwenye Ekegusii, akaniambia kwamba kabla ya kuolewa alichuma chai Kericho miaka sita, pamoja na watu wa kila kabila, kisha akaniuliza nilidhani walisemezana kwa lugha gani.

"Sasa kwa nini uliniambia nitafsiri?"

"Nilitaka nilisikie neno lile kwa lugha ya nyumbani. Nilidhani labda likipita kwako litapungua." Akaweka ungo chini. "Na wewe ukanipa lingine. Mtoto akikupa kitu kwa mikono miwili, utakitupa?"

Akainuka, akajishika ukuta, akatoka hadi uani. Pale akaangua kilio. Sijasikia tena kilio kama kile. Kilivuka bonde, kikagonga ukingo wa pili, na watu wakaacha Sabato yao wakaja mbio, wanawake wakifunga vitambaa vichwani.

"Nani amekufa?" jirani aliniuliza akihema.

"Ombati."

"Lini?"

"Leo," nilimjibu, kwa maana sikuona jibu jingine lililo kweli.

Siku hizi magokoro naye amelala chini ya migomba. Kwa miaka mingi nilidhani dhambi yangu ilikuwa uongo. Nikiwa mtu mzima, na mwenye mtoto wangu, ndipo nilipoelewa nilichomnyang'anya. Mwanamke yule alikuwa amefiwa, na siku aliyopata habari kulikuwa na msichana ameshikilia mkono wake, akimtazama kwa hofu. Akakimeza kilio chake kwa ajili yangu, akakaa nacho miaka minane, akisiriba sakafu ya chumba alichojua hakitalaliwa, akisubiri mimi nikue nitoshe kukisikia.