Barua ya fundi kwa mume aliye juu ya paa

Wiki jana, dukani kwa fundi mmoja wa mji wa Bwera, mama mmoja aliweka televisheni yake mezani, akaipangusa kwa kanga. Tangu Jumatatu ilikuwa ikionyesha chenga tupu.

"Televisheni iko muzuri, mama," fundi akamwambia. "Ni mitambo ya zamani ya analojia ndiyo wamezima, wamehamia dijitali. Sasa antena inataka dekoda, kile king'amuzi."

Mama akatoa simu, akampigia mumewe.

"Baba watoto, shuka kwenye paa. Antena hukuiharibu wewe. Nimekugombeza bure siku tatu."

Akasikiliza kidogo, akamgeukia fundi. "Anauliza kama unaweza kuiandika hiyo kwenye karatasi."

Fundi akaandika, akagonga muhuri. Tulitangaziwa mabadiliko haya kwa miezi mingi, lakini hakuna aliyewafikiria waume watakaohitaji kusafishiwa jina.