Nilivyokwenda Old Moshi Kusoma Maisha Yangu

Nilikwenda Old Moshi kujisifu, tusidanganyane. Mjukuu wangu Neema alininunulia daftari akasema, "Bibi, andika maisha yako." Mimi wa darasa la nne nikaandika nikalijaza, herufi kubwa kama ndizi. Nikiwasomea wajukuu wanacheka mpaka wanalala chini. Wifi yangu Aikande, dada wa marehemu mume wangu, akasikia. Yeye aliolewa Old Moshi, na huko ana kikundi cha akina mama ambao kila wakikutana mzee mmoja huwasimulia alivyoishi. Akanipigia simu: "Wifi, njoo na daftari lako, hawa wakusikie." Katika watu walionijua nikiwa na meno yote, amebaki yeye tu. Nikafunga safari.

Alhamisi asubuhi, Kibosho. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Nilipanda bodaboda, daftari nimelifunga kwenye khanga kifuani.

"Bibi, nishike vizuri, kunateleza."

"Nimekushika. Wewe ishike barabara, mimi nina watu wananisubiri."

"Unakwenda kliniki?"

"Nakwenda kuhutubia."

Alicheka nusura atutie kwenye migomba ya watu.

Saa nne, Kiboriloni. Nilishuka sokoni kutafuta zawadi, maana huendi kwa wifi mikono mitupu. Muuza ndizi akaapa mkungu wake umekatwa leo. Nikaubonyeza, nikamwambia, "Mkungu ni wa juzi, uongo ndio wa leo." Nikanunua sukari na sabuni, nikapata gari la kupanda juu.

Saa saba, kwa Aikande. Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ulikuwa tayari mezani, unafuka.

"Shikamoo wifi. Umenenepa."

"Marahaba. Na wewe umefupika."

Tukacheka, tukala.

Saa tisa, ukumbini. Nilisoma nilivyoolewa, nilivyobeba majani ya ng'ombe kutoka bondeni mpaka shingo ikaingia mabegani. Akina mama wakapiga makofi. Nikafika ukurasa ambao wajukuu wangu wanaupenda kuliko yote. Siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Aikande nilikuja hukohuko Old Moshi kumsaidia kupika mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama mkwe alimsifia bintiye mbege hiyo mpaka masikio yakaniwasha. Basi Aikande alipokwenda kuvaa, nikatia kwenye pipa msesewe, yale magome yanayoipa mbege uchungu wake, mara tatu ya kipimo. Wanaume wa ukoo wa mumewe walipoonja, waliitema mpaka kwenye mibuni.

Ukumbi uliangua kicheko. Nikanyoosha shingo kama jogoo. Halafu nikaona kiti cha Aikande kitupu.

Alikuwa hajui kuwa ni mimi. Nimeisimulia hadithi ile mara nyingi mno kule Kibosho, hata nikadhani dunia nzima inaijua, na yeye ndani yake.

Jioni aliniwekea chakula, akabaki jikoni amenipa mgongo.

"Miaka yote hii nilidhani mkono wangu ndio mbaya," alisema. "Ukoo wa mume wangu haukunipa tena kazi ya kupika mbege. Harusi za wanangu mwenyewe, jirani ndiye kapika. Kesho uondoke."

Usiku ule daftari sikulifungua. Kwa mara ya kwanza, nawaambia.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye mpaka wa shamba, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo, nikasimama mlangoni kwake. Mimi Mkatoliki, yeye Mlutheri, lakini isale ni moja: ukiletewa, hukatai kusamehe.

Aikande akalitazama, asilipokee. "Kukataa siwezi. Ila mila haikusema nilipokee saa ngapi. Chukua daftari lako."

"Twende wapi?"

"Kwa walioitema. Wamebaki watano."

Tukapanda mlima, jani mkono huu, daftari mkono huu. Nyumba kwa nyumba nikasoma ukurasa uleule, na hakuna aliyecheka. Kwenye nyumba ya tatu, meku mmoja, mzee asiyesikia vizuri, alinirudisha mwanzo mara mbili, nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Alipoelewa, alimgeukia Aikande.

"Shemeji, kumbe nimekusema bure?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, roho yako ni chungu kuliko ile pombe."

"Ndiyo, meku."

Nyumba ya tano sauti ilinikauka. Aikande akaninyang'anya daftari akasoma mwenyewe, tena akaongeza matusi ambayo sikuyaandika. Alipomaliza, akanyoosha mkono, akalichukua jani.

Mchana alinisindikiza mpaka gari linaposimama. "Wifi, na ya leo uyaandike," akasema. "Usijipendelee."

Nimerudi Kibosho, nimeyaandika. Nililojifunza ni hili: karatasi haikutazami usoni, ndiyo maana kuandika kunampa mtu kiburi. Na maisha unayoyaita yako yamejaa watu wengine, na baadhi yao bado wana masikio. Sasa akina mama wa jumuiya yetu nao wananiomba nikawasomee. Nimekubali. Ila nimewaambia waniletee kwanza majina ya watakaokuwapo, kuna wawili watatu ambao inabidi niwafuate nyumbani kwao kabla, niwasomee kurasa zao.