Swichi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakucheka ovyo. Kwanza alimkazia mtu macho, akangoja wengine nao wamkazie, ndipo akaachia kicheko. Mwaka aliponunua mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa umeme wa jua, mtu huyo nilikuwa mimi.

Mimi ni fundi umeme. Nimezaliwa Same mjini, nikasomea ufundi chuoni, na kazi yangu ni kufunga sola: nyumba za tambarare, visima vya wafugaji kule Kwakoa, pampu za mashamba ya Bendera. Mume wangu ni dereva wa lori, mtu mpole. Kwao ni Kighare, juu kabisa Ugweno, ambako asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama ng'ombe asiyetaka kuondoka. Huko nilipokelewa kama mkwe. Kama fundi sikupokelewa kamwe.

Baba mkwe alikuwa amefanya biashara ya mbao maisha yake yote, na alikuwa mzee wa kanisa. Watu walimheshimu kwa sababu walimwogopa. Alilijua hilo na halikumsumbua. Mama mkwe alikuwa mwembamba, mwepesi wa mikono. Angeweza kuwa anamenya ndizi huku anaamua ugomvi wa wajukuu, na kisu kisikosee hata mara moja. Mumewe alipomwita hakusema mama fulani, kama wanaume wengine wa pale. Alisema tu, "Wewe."

Krismasi ile tulikuta paneli za sola zimeshapandishwa juu ya paa la banda la mashine, zimeungwa zote kwa mfuatano mmoja, waya ukining'inia ukutani. Fundi aliyeletwa kutoka Mwanga angerudi kesho yake kumalizia. Kilichokuwa bado ni swichi ya kukatia umeme kati ya paneli na mashine, na hiyo baba mkwe alikuwa amejinunulia mwenyewe dukani. Tulipomaliza kula makande aliitoa mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu.

"Haya, fundi wa Same, tuambie. Hii ni nini?"

"Ni swichi ya umeme wa nyumbani, Baba."

"Na hapa ni wapi? Si nyumbani?"

Akanikazia macho. Akangoja. Akacheka, na sebule nzima ikacheka naye.

Nilisema hata hivyo, maana ningefanyaje? Nilimweleza kwamba umeme wa gridi, huu wa majumbani, unakwenda na kurudi, kwa hiyo ukiukata, cheche inakufa yenyewe. Umeme wa paneli unakwenda upande mmoja tu bila kupumua. Ukiukata kwa swichi isiyo yake, cheche inanyooka kati ya vile vyuma viwili na kukataa kufa, inawaka na kuwaka hadi swichi iyeyuke. Nilimwonyesha maandishi ubavuni: volti mia mbili na hamsini, na pembeni alama ya wimbi, maana yake umeme wa gridi. Paneli zake kwa pamoja zilikuwa zinakaribia volti mia tano.

"Na huku kwenye baridi zinapanda zaidi," nikasema. "Paneli ikiwa imepoa, halafu jua likachomoza ghafla, volti zinaruka juu. Ndiyo maana swichi inachaguliwa kwa ajili ya ile asubuhi mbaya kuliko zote, Baba, siyo kwa siku ya kawaida."

"Kumbe umeme nao unasikia baridi!" alisema. "Jamani, uleteeni blanketi."

Walicheka mpaka mmoja wa mawifi zangu akapaliwa. Baba mkwe akamgeukia mume wangu. "Mkeo anatufundisha. Wewe unasemaje?"

"Anaijua kazi yake, Baba."

"Nimekuuliza wewe."

Mume wangu alitazama sahani yake, ambayo haikuwa na kitu. "Ni uamuzi wako, Baba."

"Basi atoe vyombo."

Nikatoa vyombo. Jikoni mama mkwe alikuwa anasugua sufuria, na alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu ukuta ule ni wa mbao. Aliniuliza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Sasa hiyo nzuri ikoje?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wateja wangu. Iwe imeandikwa DC waziwazi, yaani umeme wa upande mmoja kama wa paneli, na volti zilizoandikwa karibu na DC ndizo zihesabiwe, maana kuna nyingine zina namba kubwa ya AC, ule wa gridi, na ndogo ya DC, na watu husoma ile kubwa. Ikate nyaya zote mbili kwa mpigo mmoja, chanya na hasi. Iweze kukata mashine ikiwa inazunguka, siyo ikiwa imesimama tu. Ikae kwenye boksi lisilopitisha maji wala vumbi la unga, mahali mkono unapofika bila kupanda kitu, na iandikwe inakata nini. Alisikiliza huku anasugua. Mwishowe akasema, "Mimi ndiye nitakayeishika hiyo swichi, unajua? Amesema mashine nitaiendesha mimi." Nilikuwa sijui.

Tulipoteremka Same nilitafuta swichi yenye sifa zote hizo. Haikuwa rahisi kupatikana. Nyingine zilizoletwa kaunta zilikuwa na lebo iliyochapwa vibaya, herufi zinafutika kwa kidole, nikazirudisha. Nilipopata niliyoiamini, nilimpa mume wangu aipandishe safari yake ya kwanza. Alirudi akasema baba ameipokea. Zaidi ya hapo sikumbana.

Pasaka tulipopanda niliikuta sebuleni, juu ya kabati, kando ya redio. Wageni walipofika baba mkwe aliishusha, akawapitishia mkononi mmoja baada ya mwingine. "Hii ndiyo zawadi ya mkwe wangu fundi. Anaogopa mashine yangu itasikia baridi." Bandani ilikuwa imefungwa ile yake, bila boksi, juu ya mlango, na mama mkwe alikuwa anapanda kwenye kiti kuifikia.

Jumamosi ile ukungu ulichelewa kuondoka. Wanawake walishafika na mahindi yao, wamekaa kwenye majani wakingoja. Halafu mawingu yakapasuka, jua likaja lote kwa pamoja, na mashine ikanguruma. Nilikuwa uani nafua. Nilisikia mlio ukibadilika: kamba ya gunia ilikuwa imeingia kwenye mashine. Nikasikia mama mkwe akiburuta kiti.

Kisha nikasikia sauti ninayoifahamu, kama mafuta yanayokaanga lakini bila kukoma. Nilipofika mlangoni, swichi ilikuwa inawaka mwanga wa buluu usiotazamika, plastiki inadondoka ikiwaka, na mama mkwe alikuwa ameanguka pamoja na kiti, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Plastiki ilikuwa imemgandia vidoleni. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema "jamani, jamani" taratibu, kama mtu anayemuamsha mtoto.

Nilimvuta nje. Baba mkwe alikuja mbio na ndoo.

"Usimwage maji, Baba! Utakufa!"

"Ondoka hapa! Mashine inaungua!"

Nilimpokonya ndoo ile. Mbele ya watu wote wale nilimpokonya, nikamwagia mama mkwe mkononi polepole. Nikamwambia mume wangu alete mablanketi yote ya ndani na ngazi, azifunike paneli zisione jua. Alipofunika ya mwisho, ule mwanga ukakatika, na banda likabaki na harufu.

Baba mkwe aliingia bandani. Alikaa humo kitambo. Alipotoka, mkewe alikuwa ameegemea mapaja yangu, ngozi ya vidole imekunjamana kama soksi. Baba mkwe alipita karibu naye.

"Mashine imepona," alitangaza.

Mume wangu alimpeleka mama yake hospitali kwa gari la jirani. Nilijiandaa kupanda nami. Baba mkwe akanishika bega, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu niolewe.

"Wewe unakwenda wapi? Watu wanangoja unga. Si unajifanya fundi? Ile swichi yako ipo kabatini. Ifunge."

Niliifunga. Sikuifunga kwa ajili yake. Nilijua nikikataa ataunganisha nyaya zile kwa mkono bila swichi yoyote, na kesho yake mwanamke mwingine atazishika. Niliacha mablanketi juu ya paneli, nikapima nyaya kuhakikisha hazina umeme, nikakata vipande vilivyoungua. Boksi nililiweka ubavuni mwa mlango, usawa wa kifua cha mtu mfupi. Nikaandika kwa wino usiofutika: ZIMA, WASHA, UMEME WA PANELI. Yeye alisimama nyuma yangu muda wote akisema nimeinamisha, nimeinamisha, mpaka nikaleta pima maji nikaiweka juu ya boksi. Hakuitazama.

Jioni alikula vizuri. Aliniambia mchuzi umepungua chumvi.

Mama mkwe alikaa hospitali muda mrefu. Mkono ulipopona, vidole vitatu vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na madaktari walisema havitanyooka tena. Jumapili ya kwanza baada ya mama mkwe kurudi, baba mkwe alitoa shukrani kanisani, nasi tukapanda kuhudhuria. Alisimama mbele ya usharika amevaa suti yake ya kijivu. Alimshukuru Mungu kwa mvua. Alimshukuru kwa wanawe. Alimshukuru kwa kuilinda mashine na moto, mashine inayowasaidia majirani wote. Mkewe hakumtaja. Mama mkwe alikuwa upande wa wanawake, mkono ameuviringisha kwenye kitenge. Watu walipopiga makofi naye alitaka kupiga, akakumbuka, akauweka mkono mmoja juu ya mwingine.

Tulipofika nyumbani palikuwa na watu watatu wanne na mahindi yao. Baba mkwe hakungoja hata avue koti.

"Wewe, kafungue mashine."

"Baba, mkono wake bado," mume wangu alisema.

"Anao mwingine."

Mama mkwe alivua viatu vya kanisani, akaenda. Nilimfuata bandani, nikataka kumwonyesha namna ya kuzungusha kishikio cha swichi. Alinisukuma kwa bega. Aliwasha kwa mkono wa kushoto, akasaga debe la kwanza, kisha akazima mashine ikiwa inazunguka, makusudi, akiwa amegeuza uso pembeni na kufumba macho. Ilikata. Hakukuwa na chochote isipokuwa mlio mdogo. Alifumbua macho, akaitazama swichi, akanitazama mimi.

Nilidhani atanishukuru. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshatayarisha jibu.

"Kwa hiyo ilikuwa kitu kidogo hivi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ikakaa kabatini kwangu. Mimi nikawa naifuta vumbi." Alitikisa kichwa. "Wewe ndiye uliyekuwa unajua. Mimi sijui umeme. Yule hajui na hataki kujua. Mwanangu ni mwoga. Wewe ulijua, ukaagiza kitu kiletwe, ukakaa Same."

"Mama, asingeniruhusu kuifunga."

"Mimi ningekuruhusu. Hukuniuliza."

Wateja walikuwa mlangoni wanasikia. Baba mkwe naye alikuwa amesimama nyuma yao, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimwangalia mkewe kwa furaha. Akanikazia macho. Akangoja watu wageuke.

Nilitoka kabla hajacheka. Nilishika njia ya kuteremka kwa miguu, viatu vya kanisani miguuni, mpaka mume wangu aliponikuta huko chini na kunifungulia mlango wa gari.

Sijapanda tena. Mwanzoni nilimtumia mama mkwe salamu. "Shikamoo" yangu ilirudi na "marahaba" kavu, bila swali juu yangu wala watoto. Nilimtumia dawa ya kulainisha kovu, akampa jirani. Nilimwomba aje akae nasi Same apumzike, akasema joto la Same litamuua.

Mume wangu hupanda peke yake siku hizi. Akirudi namuuliza mama yake anaendeleaje.

"Anasaga," ananijibu, na kwenda kuoga.